Umeme wa jua nyumbani: lawama kwa paneli, kosa kwenye betri

Swali tunaloulizwa na wenye nyumba mara nyingi kuliko mengine yote ni kwa nini sola iliyowaka vizuri mwaka wa kwanza huanza kuzimika saa mbili usiku ifikapo mwaka wa pili, na karibu kila anayeuliza huwa ameshamlaumu aliyemuuzia paneli. Paneli ndicho kifaa kinachochakaa polepole kuliko vyote katika mfumo: iliyotengenezwa vizuri hupoteza takriban nusu asilimia tu ya uwezo wake kwa mwaka, na huweza kufanya kazi kwa miaka 25. Kinachokufa mapema ni betri, na mara nyingi hufa kwa sababu ilibebeshwa mzigo ambao hakuna aliyeupigia hesabu siku ya kununua.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Chukua nyumba yenye balbu 6 za wati 9 zinazowaka saa 5 kila usiku, runinga ya wati 60 kwa saa 5, feni ya wati 50 kwa saa 6, na simu 4 zinazochajiwa kila siku. Ukizidisha wati kwa saa utapata kama wati-saa 930 kwa siku. Sehemu nyingi za Tanzania hupata jua lenye nguvu kamili kwa wastani wa saa 4 na nusu hivi kwa siku, na karibu asilimia 30 ya umeme hupotea kwenye joto, vumbi, nyaya na betri. Kwa hiyo nyumba hiyo inahitaji paneli zenye jumla ya wati 300. Sasa ongeza pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa tu: umeongeza wati-saa 500, yaani zaidi ya nusu ya matumizi yote ya nyumba. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba pasi, birika la umeme na jiko la umeme visiunganishwe kwenye mfumo mdogo, hata kama inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia vyombo vya nyumbani, inakubali kuviwasha.

Betri ya kawaida ya risasi na asidi, yenye volti 12 na amperi-saa 200, huhifadhi wati-saa 2,400, lakini ili idumu isitumiwe zaidi ya nusu ya hizo. Anayeimaliza hadi taa ziwe nyekundu kila usiku anaipunguzia umri kwa mikono yake mwenyewe. Katika nyumba moja tuliyoitwa kukagua, betri ilikuwa chini ya kitanda, vichwa vyake vimefunikwa na unga wa rangi nyeupe na kijani, na tulipofungua vifuniko tulikuta maji yameshuka hadi sahani za ndani zimebaki wazi. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa mwangalifu kwa kila kitu kingine, alituambia kwamba huongeza maji ya kisima kila yanapopungua. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi huharibu sahani hizo. Yanayofaa ni maji ya betri yaliyochujwa madini, yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Tuliihamisha pia kutoka chumbani, kwa kuwa betri ya aina hiyo inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Betri za lithiamu haziongezwi maji, huruhusu kutumia takriban asilimia 80 ya chaji na hudumu zaidi. Kwa anayemudu bei yake tunaishauri, mradi kidhibiti chaji, yaani kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri, kiwe kimepangwa kwa aina hiyo.

Kuhusu paneli bandia, tumia futi kamba kabla ya kuamini kibandiko. Paneli nzuri ya leo hutoa wati 200 hivi kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo paneli yenye nusu mita ya mraba iliyoandikwa wati 300 ni uongo usiohitaji kipimo kingine.

Kwa kuwa Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, paneli zielekezwe kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua isafishe vumbi. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati yake na bati, maana paneli ikipata joto kali hupunguza umeme. Tawi moja la mwembe linalotia kivuli kwenye kona ya paneli linaweza kupunguza umeme wa paneli nzima.

Wenye umeme wa TANESCO huuliza kama paneli bila betri zitawawashia taa umeme unapokatika. Kwa kawaida hapana: inveta iliyounganishwa na gridi, yaani laini za TANESCO, hujizima yenyewe gridi inapozimika. Anayetaka taa wakati huo anahitaji betri na inveta inayofaa, pamoja na swichi inayotenganisha kabisa nyumba na gridi, iliyofungwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Tafadhali usikubali kurushiwa waya bila swichi hiyo, kwa sababu umeme wa sola yako ukirudi kwenye laini ya mtaa utamkuta fundi aliye juu ya nguzo, ambaye anaamini waya alioushika hauna umeme.