Nukta za buluu na manjano hazigeuki kijani machoni

Wengi wameambiwa kwamba wachoraji wa nukta, yaani wale waliojaza picha kwa vinukta vidogo vya rangi, kina Georges Seurat, hawakuhitaji rangi ya kijani. Eti waliweka buluu kando ya manjano, na mtazamaji akirudi nyuma jicho lake linachanganya, majani yanaonekana ya kijani. Si kweli.

Ukizikoroga rangi hizo mbili kwa brashi, kila moja hunyonya sehemu ya mwanga, na kinachosalia ni kijani. Nukta zilizokaa jirani hazifanyi hivyo. Kila moja hurudisha mwanga wake, na jicho likishindwa kuzitenganisha hupata wastani tu. Wastani wa buluu na manjano hukaribia kijivu.

Tazama "Mavuno ya Matufaha" ya Camille Pissarro, mchoraji mwingine wa nukta, ya mwaka 1888, mandhari tulivu ya kijiji cha Éragny, Ufaransa. Leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Dallas, Marekani. Wanawake wanaokota matufaha chini ya mti. Sogea karibu na nyasi: kijani kimo, kimewekwa kikiwa kijani tayari. Kwangu mimi utamu wote uko kwenye kivuli cha mti ule, ambako zambarau, buluu na waridi vimebanana bila haja ya rangi nyeusi.

Nukta zilikuwa na kazi nyingine: rangi zinazopingana, kama nyekundu na kijani, zikipakana, kila moja huonekana kali zaidi. Mkemia Michel Eugène Chevreul alikwisha kulieleza hilo mwaka 1839.