Kabla ya Kutuma Makala kwa Jarida la Historia ya Dunia

Wanafunzi wa uzamivu na wahadhiri chipukizi wanaotuletea rasimu za makala wanazotaka kuzituma kwa majarida ya kimataifa ya historia karibu wote huanza kwa swali moja, kama Kiingereza chao kinatosha. Swali hilo lina mahali pake, ila kwa tuliyoyaona sisi, lugha si sababu kubwa ya makala kurudishwa. Nyingi hurudishwa na mhariri mwenyewe, hata kabla ya kumfikia mpitiaji yeyote, yaani mtaalamu anayeombwa na jarida kuitathmini makala, kwa kuwa zimepelekwa kwa jarida lisilouliza swali ambalo makala inalijibu.

Majarida yanayoshughulikia historia inayovuka mipaka ya nchi yana utaratibu wake wa kufikiri. Journal of World History imekuwa ikitolewa na Chuo Kikuu cha Hawai'i tangu mwaka 1990, na Journal of Global History ilianza kutolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2006. Ukituma makala yako kwa Journal of African History, lililoanza mwaka 1960, au kwa Tanzania Zamani la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mhariri atataka kujua unatuongezea nini katika tunayoyajua kuhusu Afrika au Tanzania. Mhariri wa jarida la historia ya dunia ataanzia kwingine: ni uhusiano gani baina ya mahali na mahali unaouchunguza, na uhusiano huo unaeleza jambo gani ambalo historia ya nchi moja peke yake isingeweza kulieleza?

Tuchukue mfano wa kitambaa cha merikani. Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akafika Unguja akiwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Meli za Salem zilileta pamba iliyofumwa bila kutiwa rangi, ambayo watu wa pwani waliipa jina la nchi ilikotoka, na misafara ikaipeleka Tabora na Ujiji pamoja na kaniki ya kutoka India. Meli hizo zilirudi na pembe za ndovu, ambazo nyingi ziliishia Connecticut, kulikokuwa na viwanda vya vitana na vya vibao vya piano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipokata pamba ya viwanda vya nguo vya Marekani, vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi katika masoko yetu.

Habari hizi zinaweza kuzaa makala mbili zisizofanana. Ya kwanza inasimulia biashara ya Tabora katika karne ya 19, kurasa thelathini, kisha katika hitimisho inaongeza aya moja kwamba Tabora iliunganishwa na uchumi wa dunia. Aya hiyo ni pambo tu, na mpitiaji mzoefu huliona pambo hilo tangu ukurasa wa kwanza. Ya pili inauliza: mnunuzi wa Unyamwezi aliyepapasa kitambaa, akakikataa kwa kuwa si cha aina aliyoizoea, aliwalazimisha wenye viwanda wa ng'ambo kubadili nini? Hapo kuvuka mipaka ndiko kuliko ndani ya swali lenyewe, na ukiondoa upande mmoja makala yote inaanguka. Makala ya kwanza nayo inaweza kuwa nzuri sana, lakini ipelekwe kwa jarida la historia ya Afrika, ambako itapokewa kwa heshima inayostahili.

Swali la namna hii hudai vyanzo vya pande zote. Nyaraka za hifadhi ya Zanzibar iliyoko Kilimani hazitoshi peke yake, wala zile za London. Karatasi za wafanyabiashara wa Salem, za Waters zikiwemo, zimo katika maktaba ya jumba la makumbusho la Peabody Essex. Mwakilishi wa Uingereza huko Unguja kwa miaka mingi aliandikia serikali ya Bombay (Mumbai ya leo), hivyo hifadhi ya Mumbai haikwepeki, na sehemu ya majalada ya Ofisi ya India, idara ya Uingereza iliyosimamia utawala wa India, inasomeka bila malipo katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014. Msafiri asiye na nauli ya Massachusetts asikate tamaa, kwani wakutubi wengi hujibu barua na baadhi hutuma nakala, mradi umetaja jalada unalolitaka kwa namba yake.

Liko jambo moja linalonisikitisha. Watafiti wetu huficha utajiri wao. Barua ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, au mahojiano na mjukuu wa mpagazi, hutajwa katika tanbihi fupi huku ripoti ya afisa wa kikoloni ikipewa nusu ukurasa, ilhali wahariri wa majarida haya wanavihitaji mno vyanzo ambavyo wasomi wengi wa ng'ambo hawawezi kuvisoma. Nukuu maneno ya Kiswahili kama yalivyo, weka tafsiri, sema ni nani aliyetafsiri, na geuza tarehe za Hijria bila kuzifuta. Kwa mahojiano, eleza mahali, tarehe, lugha na ridhaa ya msimulizi. Kibali cha utafiti nacho kinaweza kuulizwa: Tanzania Bara hutolewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kenya na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na Zanzibar ina utaratibu wake.

Kuhusu maandalizi, sura ya tasnifu bado haijawa makala. Majarida mengi ya fani hii hupokea maneno kati ya 8,000 na 10,000, mara nyingi tanbihi zikihesabiwa humo, kwa hiyo soma mwongozo wa jarida lako kabla ya kupunguza chochote. Ikisiri iseme ulichogundua, isiishie kwenye ulichokusudia kuchunguza. Kwa kuwa wapitiaji hawatakiwi kumjua mwandishi, ondoa jina lako, shukrani, na vifungu kama "katika tasnifu yangu", pamoja na jina lililojificha katika sifa za faili. Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja.

Majibu huchukua miezi. Yakija na agizo la kufanya marekebisho makubwa, hiyo ni habari njema, ingawa mimi mwenyewe niliwahi kuifungia barua ya namna hiyo kabatini majuma matatu kabla ya kuthubutu kuisoma tena. Andika barua ya kujibu hoja baada ya hoja, ukionyesha ukurasa uliobadilishwa, na pale usipokubaliana na mpitiaji eleza sababu kwa adabu na ushahidi. Wapitiaji wawili wakipingana, mwombe mhariri aseme ni njia ipi anayoiona inafaa.

Jihadhari na barua pepe zinazoahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo. Jarida la kweli haliwezi kupata wapitiaji wawili, wakasoma na wakaandika maoni, kwa muda huo. Ada ya kuifanya makala isomwe bure na wote ipo hata kwa wachapishaji wanaoheshimika, lakini katika majarida mengi ya historia ni hiari, na wachapishaji wakubwa huwa na msamaha kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo. Ulizia msamaha huo kabla makala haijakubaliwa.

Mwisho kuna mkataba wa haki za uchapishaji, ambao wengi husaini bila kuusoma kwa furaha ya kukubaliwa. Tazama kama unaruhusiwa kuweka nakala iliyokubaliwa katika hazina ya chuo chako, na uombe kwa maandishi haki ya kuitoa makala hiyo kwa Kiswahili. Wahariri wengi hawana pingamizi wakiulizwa mapema. Ukishasaini, ombi hilohilo linakwenda kwa idara ya haki ya mchapishaji, ambayo inaweza kukudai ada kwa maneno yako mwenyewe.