Setilaiti ya TV ikizeeka haianguki

Wengi hudhani setilaiti inayoturushia matangazo ikizeeka huharibika mitambo, kisha huanguka duniani. Mara nyingi kinachoiishia ni mafuta tu. Huko kilomita 35,786 juu ya ikweta, mvuto wa jua na mwezi huiyumbisha, nayo huchoma mafuta kidogo kidogo isihame mahali pake. La sivyo dishi lako, lililokazwa kwa boliti likitazama upande mmoja, lingeikosa.

Intelsat 901, iliyorushwa 2001, ilikuwa bado inafanya kazi mafuta yalipokaribia kwisha. Februari 2020 chombo kiitwacho MEV-1 kikajishikiza kwenye mdomo wa injini yake, kikaibeba miaka mitano mingine.

Na kuanguka? Kuishusha kungekula mafuta mno. Husukumwa juu zaidi, kama kilomita 300, ikaachwa huko izunguke.