Je, wajua? Ukurasa uliojaa “mimi” unaweza kuwa wa nafsi ya tatu

Mwanafunzi akipewa kifungu cha hadithi na kuulizwa kimesimuliwa katika nafsi gani, mara nyingi hugeuka karani: huhesabu. Zikizidi “mimi”, “yangu” na “nilikwenda”, anaandika nafsi ya kwanza. Zikizidi “yeye”, “yake” na “alikwenda”, anaandika nafsi ya tatu. Ubaya wa njia hii ni kwamba hufaulu mara nyingi, basi anayeitumia huiamini hadi siku inapomwangusha.

Tazama kifungu hiki kifupi:

“Nimechoka,” Musa alisema. “Sitaki tena. Nipe kitabu changu niondoke.”
Dada yake alikiweka kitabu mezani, kisha akageukia dirisha.

Nafsi ya kwanza imejitokeza mara tano: nimechoka, sitaki, nipe, changu, niondoke. Zote zimetoka kinywani mwa Musa. Msimulizi mwenyewe ana vitenzi vitatu tu, alisema, alikiweka na akageukia, na vyote vimebeba kiambishi cha nafsi ya tatu. Kwa hesabu, nafsi ya kwanza imeshinda tano kwa tatu. Kwa ukweli, kifungu ni cha nafsi ya tatu na hakuna cha kubishania.

Swali la nafsi humhusu mmoja tu, yule anayesimulia. Wahusika wana ruhusa ya kusema “mimi” kutwa kucha bila kubadilisha chochote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuufunika usemi halisi kwa kidole na kusoma kinachobaki. Kikibaki kistari kimoja, jibu limo katika kistari hicho. Barua iliyonukuliwa ndani ya hadithi hufunikwa pia, vilevile wimbo anaoimba mhusika au ujumbe wa simu, hata pale ambapo mwandishi hakuweka alama za usemi.

Kiswahili kina mitego yake ya ziada, maana mara nyingi nafsi haisimami peke yake kama neno. Hujibanza ndani ya kitenzi. “Sitaki” ni nafsi ya kwanza na haina “ni” hata moja. “Mezani”, “kwani” na “nini” zina “ni” na hazina habari na nafsi yoyote. Tena kuna vitenzi vinavyobeba nafsi mbili kwa mpigo. Soma: “Alifika, akavua viatu, akaketi, akanitazama.” Kila kitenzi kimeanza na a-, na mwenye kuhesabu atasema nafsi ya tatu kwa ushindi wa nne bila. Lakini ile -ni- iliyojificha katikati ya “akanitazama” ndiyo yenye uamuzi. Msimulizi yumo chumbani, anatazamwa.

Hata baada ya kufunika usemi halisi, kazi haijaisha, kwa kuwa “mimi” yaweza kuwa ya msimulizi mwenyewe na hadithi bado ikawa ya nafsi ya tatu. Mfano mashuhuri ni Don Quixote ya Miguel de Cervantes, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1605. Inaanza kwa msimulizi kutaja mahali fulani huko La Mancha ambapo, anasema, hataki kupakumbuka jina. Anayesema “sitaki” hapo ni msimulizi, tena katika sentensi ya kwanza kabisa. Kisha kinachofuata ni visa vya bwana mmoja aliyesoma vitabu vya mashujaa hadi akili zikamruka, na visa hivyo vinasimuliwa kwa “yeye”. Msimulizi wa ngano zetu naye hufanya hivyohivyo anapofunga kwa “hadithi yangu imeishia hapo”. Hiyo “yangu” haimfanyi kuwa sungura wala fisi.

Mwaka 1972 mhakiki Mfaransa Gérard Genette alilinyoosha jambo hili. Kwa maoni yake, msimulizi yeyote anaweza kujitaja wakati wowote, kwa hiyo kujitaja si kipimo. Kipimo ni kama msimulizi ni mhusika ndani ya hadithi anayoisimulia au yuko nje yake. Kwa mwanafunzi mdogo swali laweza kuulizwa hivi: mvua ikinyesha ndani ya hadithi, huyu anayesema “mimi” atalowa? Akilowa, ni nafsi ya kwanza. Asipolowa, ni msimulizi wa nafsi ya tatu aliyependa kujitokeza kidogo.

Kosa hili lina upande wake wa pili. Kuna wanaodhani kwamba anayesema “mimi” lazima awe mhusika mkuu. Hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes zilizoandikwa na Arthur Conan Doyle ni 60, na 56 kati yake zinasimuliwa na rafiki wa Holmes, Daktari Watson. Ukurasa baada ya ukurasa ni Holmes alifanya hiki, Holmes akasema kile; “mimi” ya Watson hupita kwa nadra, ikishika kofia mkononi. Bado ni nafsi ya kwanza, kwa kuwa Watson amo ndani na hulowa kama wengine. Kuna hadithi mbili, zote za mwaka 1926, ambazo Holmes anajisimulia mwenyewe, na katika mojawapo analalamika waziwazi kwamba anamkosa Watson. Ana haki. Holmes akisimulia, kila anachokigundua inabidi akifiche kwa makusudi, la sivyo fumbo litafumbuka katikati ya safari. Watson hana haja ya kuficha, maana hajui.

Hapo tumeingia katika swali la pili, ambalo mitihani hulichanganya na la kwanza: msimulizi anajua nini? Genette alitenganisha “nani anasema” na “nani anaona”, na utengano huo ndio unaoyafungua mambo mengi yanayoonekana kuwa mikanganyiko.

Fikiria nyumba yenye ukumbi mmoja na vyumba vingi. Kila mhusika ana chumba chake, na ndani ya chumba ndimo yalimo mawazo yake, hofu zake na kumbukumbu zake. Ukumbini ni mahali pa wote. Lolote linalosemwa au kutendwa huko kila mtu hulisikia na kuliona. Sasa uliza: msimulizi amepewa funguo ngapi?

Msimulizi wa nafsi ya kwanza ana ufunguo mmoja, wa chumba chake. Vya wengine anavikisia kwa kusikiliza mlangoni. Msimulizi wa nafsi ya tatu anaweza kuwa na shada zima la funguo, akaingia kwa huyu na kutoka kwa yule apendavyo. Huyu ndiye vitabu vya fasihi humwita msimulizi maizi. Anaweza pia kupewa ufunguo mmoja tu, wa chumba cha mhusika fulani ambaye si yeye, na hapo tunapata nafsi ya tatu yenye mipaka. Na anaweza kunyimwa funguo zote, akabaki ukumbini akiripoti yanayoonekana na kusikika, bila neno la mawazo ya mtu yeyote. Hao watatu wote wanasema “yeye”. Ndiyo maana jibu la “nafsi ya tatu” pekee ni sahihi lakini halijasema mengi.

Namna ya kuhesabu funguo ni kutazama vitenzi vya ndani: aliwaza, alikumbuka, alitamani, alihofia, hakujua. Kila kimoja kinaonyesha mlango uliofunguliwa. Maneno kama “alionekana”, “kana kwamba” na “huenda” yanaonyesha mlango uliofungwa. Tahadhari inahitajika kwa vitenzi kama “alikasirika” na “alihuzunika”, kwa sababu hasira na huzuni huonekana usoni pia, na msimulizi wa ukumbini anaweza kuzitaja bila kuingia popote. Jibu lisitundikwe kwenye kitenzi kimoja.

Roland Barthes, Mfaransa mwingine, alipendekeza mwaka 1966 jaribio ambalo Kiswahili hulipokea vizuri ajabu: geuza nafsi ya tatu iwe ya kwanza, usibadilishe kingine, kisha sikiliza kama sentensi imeharibika. Kwetu sisi kazi ni kuondoa a- na kuweka ni-, pamoja na kurekebisha “wake” na “-m-” zinazoifuata.

Zuhura alisimama mlangoni. Moyo ulimwenda mbio. Hakujua kama Bakari amemwona.

Geuza: “Nilisimama mlangoni. Moyo ulinienda mbio. Sikujua kama Bakari ameniona.” Imekaa sawasawa. Basi ufunguo ni wa chumba cha Zuhura, na nafsi ya tatu hapo ni vazi tu. Sasa jaribu hiki:

Zuhura alisimama mlangoni. Alionekana kama mtu aliyeona nyoka. Bakari hakugeuka.

“Nilionekana kama mtu aliyeona nyoka.” Sikio linakataa, nani alikuwa akinitazama? Kwa Zuhura hakuna ufunguo, na kwa kuwa Bakari amegeukia kwingine, hatuoni kwa macho yake pia. Msimulizi yuko ukumbini. Cha tatu:

Zuhura alisimama mlangoni akijiuliza kama Bakari amemwona. Bakari alikuwa amemwona tangu mwanzo, ila aliona haya kugeuka.

Sentensi ya kwanza inageuka bila shida. Ya pili nayo inageuka kisarufi, lakini inazua swali: haya za Bakari Zuhura amezijuaje? Funguo zimekuwa mbili. Kuna tundu moja katika jaribio hili: mtu anayesimulia mambo ya zamani anaweza kuwa aliambiwa baadaye. Kama kifungu kina “baadaye alinieleza” au maneno ya namna hiyo, msimulizi hakuiba ufunguo. Alifunguliwa mlango na mwenye chumba.

Mtego mkubwa zaidi ni pale maneno ya mhusika yanapoingia ndani ya usimulizi bila kubisha hodi:

Zuhura aliufunga mlango. Kesho angeondoka, liwalo na liwe. Huyu Bakari alijiona nani?

Hakuna alama za usemi, hakuna “aliwaza”. Lakini “kesho” ni kesho ya Zuhura, kwani kwa msimulizi siku hiyo imeshapita. “Liwalo na liwe” ni ukaidi wa Zuhura, na swali la mwisho ni dharau yake. Mwanafunzi huweza kuandika kwamba msimulizi anamchukia Bakari, au kwamba hadithi imehamia nafsi nyingine. Hakuna kilichohama. Ni nafsi ile ile ya tatu, ufunguo ule ule mmoja, ila msimulizi ameanza kuazima sauti ya mwenye chumba. Maneno ya kuonyesha kama “huyu”, “hapa” na “sasa” husaidia kuugundua uazimaji huo, ingawa si ushahidi wa kutosha peke yake. “Huyu” hutumika pia kumrejelea tu mtu aliyekwisha kutajwa.

Nafsi zilizobaki hazisumbui sana. “Sisi” ni nafsi ya kwanza wingi, kama katika hadithi fupi ya William Faulkner ya mwaka 1930, A Rose for Emily, inayosimuliwa na watu wa mji kwa pamoja. Nafsi ya pili, ambapo “wewe” ndiye mtendaji wa hadithi, ni adimu. Michel Butor aliiandikia riwaya nzima, La Modification, mwaka 1957. Msimulizi anayesema “wewe msomaji, ngoja kwanza” hajaifanya hadithi kuwa ya nafsi ya pili. Amemwita msomaji tu.

Pia kifungu cha aya moja mara nyingi hakitoshi kutofautisha maizi na mwenye mipaka. Aya moja yenye ufunguo mmoja yaweza kuwa ya msimulizi mwenye shada zima ambaye bado hajatoka chumba cha kwanza. Anayetunga swali kwa aya moja angepaswa kukubali “hadi hapa, yenye mipaka” kama jibu. Na riwaya nzima haina wajibu wa kushika nafsi moja: Bleak House ya Charles Dickens, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1852 na 1853, hubadilishana msimulizi wa nafsi ya tatu na mhusika Esther anayejisimulia.

Kisha kuna Moby-Dick ya Herman Melville, ya mwaka 1851, inayowapa walimu tabu ya kufurahisha. Msimulizi wake ni Ishmael, baharia wa kawaida melini. Analowa kuliko karibu msimulizi mwingine yeyote. Hata hivyo sura ya 37 inatuweka chumbani kwa nahodha Ahab, akiwa peke yake dirishani, akiyazungumza ya moyoni mwake. Ishmael hayumo, hakuambiwa, na Ahab hatafika mwisho wa kitabu akiwa hai aje kumweleza. Huu ni ufunguo usio na maelezo, na wahakiki hawajakubaliana kama ni uzembe, ni mchezo, au ni Ishmael anayebuni. Kwenye karatasi ya majibu anayesema ni Ishmael, na Ishmael ni mhusika, kwa hiyo inaandikwa nafsi ya kwanza. Sura ya 37 inakwenda kwenye mistari ya maelezo, chini ya “anajua nini”.