Muuaji amepatikana, sababu haipo: mwanasaikolojia akiitazama In the Valley of Elah

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na wengi wa watu ninaowaona ni wanajeshi wastaafu na familia zao. Familia huja na swali moja: alipatwa na nini huko? Ni swali la haki, ila ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili, ambayo mke anaogopa kuiuliza na mama hataki hata kuiwaza, ni hii: alifanya nini huko? Filamu iliyonisaidia zaidi kuwaeleza watu nusu hiyo ya pili ni In the Valley of Elah ya mwaka 2007, iliyoandikwa na kuongozwa na Paul Haggis. Nitaisimulia mpaka mwisho, kwa hiyo ambaye angependa kuiona bila kujua kinachotokea, aitazame kwanza.

Hank Deerfield, anayeigizwa na Tommy Lee Jones, ni mstaafu wa polisi wa jeshi. Anapigiwa simu kwamba mwanawe Mike, ambaye ndiyo kwanza amerudi kutoka Iraq, ametoroka kambini. Anapanda gari lake Tennessee na kuendesha hadi New Mexico kumtafuta. Baadaye mwili wa kijana unapatikana porini, umekatwakatwa na kuchomwa moto. Jeshi na polisi wa kiraia wanavutana kuhusu kesi ni ya nani, na mpelelezi mmoja tu wa kiraia, Emily Sanders (Charlize Theron), ndiye anayekubali kuifuatilia pamoja na mzee huyo. Kisa hiki kina asili ya kweli: mwaka 2003 askari wa Marekani aliyekuwa ametoka Iraq aliuawa na wenzake karibu na kambi ya Fort Benning, jimbo la Georgia, na baba yake, naye mwanajeshi mstaafu, aling'ang'ania mpaka ukweli ukatoka.

Hadithi ya upelelezi huwa na ahadi kwa mtazamaji: vumilia, mwisho utajua nani kaua na kwa nini. Haggis anaitumia ahadi hiyo kwa makusudi. Kwanza tunaelekezwa kwenye dawa za kulevya. Kisha kwenye magenge ya Wameksiko. Hank mwenyewe, mtu makini anayetandika kitanda cha hoteli kama yumo kambini, anamvamia na kumpiga askari mwenzake Mike mwenye asili ya Meksiko, kwa sababu moyo wake unataka muuaji awe mtu wa nje. Siye. Waliomuua ni vijana waliokula naye na kuishi naye kwenye kikosi kimoja. Na kwa nini? Walikuwa wametoka kunywa, wakagombana, mmoja akachomoa kisu. Basi. Penning, aliyemchoma Mike, anakiri mbele ya Hank kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Anamwambia mzee kwamba usiku mwingine ingekuwa Mike mwenye kisu na yeye Penning ndiye angelala porini. Na baada ya kuua, anasema, walisikia njaa, wakaenda kula kuku.

Watu wengi wakifika hapo huniambia, "Huyu kijana ni shetani." Mimi namwona kijana aliyekufa ganzi, na naomba nieleze ganzi hiyo inavyokuja.

Mtu akiishi miezi mingi mahali ambapo takataka ya kando ya barabara inaweza kuwa bomu, mwili wake hujifunza kutopumzika. Usingizi unakuwa mwepesi na misuli inakaza, huku macho yakihesabu paa na madirisha. Wakati huohuo hawezi kulia kila mwenzake anapouawa, kwa sababu dakika tano baadaye inabidi apande gari tena. Hivyo hisia zinafungwa. Tatizo ni kwamba hazifungwi moja moja. Huzuni ikifungiwa nje, huruma nayo inabaki nje, na furaha, na mapenzi kwa mke. Kinachobaki kinapita kwa urahisi ni hasira. Akirudi nyumbani, hali haibadiliki kwa sababu tu ndege imetua. Wake huniambia, "Anakaa sebuleni lakini hayupo." Kisha kikombe kinavunjika jikoni na mtu yuleyule analipuka kama kwamba nyumba imeshambuliwa. Penning anayekula kuku ni hali hiyo ikiwa imefika mwisho wake kabisa. Filamu inaonyesha pia ngazi za chini yake: askari mmoja anamzamisha mbwa wake kwenye bafu, mkewe anakwenda polisi kuomba msaada, anaambiwa hakuna la kufanya, na baadaye naye anakutwa amezamishwa kwenye bafu hilohilo. Emily ndiye aliyempokea mama huyo siku ya kwanza. Sehemu hiyo ni fupi na ningependa kila ofisa wa dawati la jinsia aione.

Jambo jingine ambalo filamu imelipatia ni kumbukumbu. Hank anaichukua simu ya Mike, ambayo imeungua na joto la Iraq, na kumlipa fundi aokoe video zilizomo. Zinakuja moja moja kwa barua pepe, zimekatika, sauti inapotea, picha inavunjika vipande. Hank anatazama na hawezi kuziunganisha. Ndivyo mtu mwenye PTSD, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, anavyobeba tukio lake. Hana hadithi yenye mwanzo na mwisho. Ana harufu, ana kelele, ana mkono wa mtu, na havikai kwa mpangilio. Sehemu kubwa ya tiba yetu ni kumsaidia avipange vipande hivyo hadi awe anasimulia jambo lililopita, badala ya jambo linalomrukia.

Video hizo zinafika mahali baba hakutaka kufika. Mike anaonekana akimtesa mfungwa aliyejeruhiwa, anamgusa kidonda na kumuuliza kinauma wapi, huku wenzake wakicheka. Ndipo tunapoelewa kwa nini walimpa jina la utani la "Doc", yaani daktari. Na kuna picha moja ya barabarani ambayo Hank ameitazama tangu mwanzo bila kuielewa. Mike alikuwa akiendesha gari kwenye msafara, mtoto akaingia barabarani. Amri ilikuwa kutosimama kwa lolote, kwa sababu gari likisimama linashambuliwa. Hakusimama. Baadaye alishuka, akarudi nyuma, akapiga picha.

Siku hiyo alimpigia baba yake simu akilia. Alimwambia kuna jambo limetokea, akamwomba amtoe huko. Hank akamjibu kuwa hiyo ni hofu tu inayozungumza.

Mimi humsimamisha mtazamaji hapo, kwa sababu kwangu hilo ndilo tukio kubwa la filamu nzima, kubwa kuliko kisu. Hank hakuwa baba mbaya. Alisema alichofundishwa na jeshi lake na pengine na baba yake: jikaze. Lakini alijibu hofu, na mwanawe hakuwa amepiga simu kuhusu hofu. Alipiga kuhusu mtoto.

Tofauti hiyo imechukua muda mrefu kuingia kwenye taaluma yetu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306, wengi kwa kutoroka na wengine kwa kile kilichoitwa woga, na ilingoja hadi mwaka 2006 kuwasamehe. PTSD iliingia rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, kwa msukumo mkubwa wa waliopigana Vietnam, na maelezo yake yalijengwa zaidi juu ya mtu aliyetishiwa uhai. Daktari Jonathan Shay, aliyewatibu maveterani hao huko Boston, ndiye aliyesukuma mbele wazo la jeraha la dhamiri: maumivu ya mtu aliyeshiriki, aliyeshuhudia au aliyeamriwa kutenda jambo ambalo yeye mwenyewe anajua si haki.

Kitabibu hizi ni kazi mbili. Mwenye hofu nitamsaidia mwili wake ujifunze kwamba hatari imekwisha. Mwenye jeraha la dhamiri nikimwambia "sasa uko salama" sijamwambia kitu. Na nikimwambia "halikuwa kosa lako" kabla sijamsikiliza, nimemfungia mlango, kwa kuwa anajua mikono ya nani ilishika usukani. Anahitaji kusema yote mbele ya mtu ambaye hatamkimbia wala kumtetea haraka. Ndipo tunapoanza kugawa lawama inavyostahili: ipi ni yake, ipi ni ya amri, ipi ni ya waliompeleka. Hapo ndipo filamu hii inakuwa ya kupinga vita kwelikweli. Jina lake linatoka 1 Samweli 17, bonde la Ela ambako Daudi alimkabili Goliathi, na Hank anamsimulia mtoto wa Emily hadithi hiyo kama funzo la ushujaa. Mtazamaji anabaki akijiuliza ni mfalme gani huyo anayempeleka mtoto mbele ya jitu.

Nina angalizo moja zito. Filamu ya uhalifu inahitaji maiti, na hivyo inaweza kumfanya jirani amwogope kila mwanajeshi aliyerudi. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Marekani, RAND, ilikadiria kuwa askari wa Marekani wapatao 300,000, kati ya milioni 1.64 waliokuwa wamepelekwa Iraq na Afghanistan, walikuwa na PTSD au sonona. Walio wengi mno hawakumdhuru mtu. Hatari kubwa iko kwao wenyewe: kati ya 2008 na 2016, kila mwaka zaidi ya maveterani 6,000 wa Marekani walijiua.

Nasi tuna vijana wetu waliopita huko. Wakenya, Waganda na Warundi wamepigana Somalia kwa miaka. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Waliokufa tuliwazika kwa heshima. Waliokuwa nao usiku huo walirudi nyumbani kwa wake na watoto, na wengi wetu tuliwapokea kwa "pole na kazi", tukaendelea na mambo mengine.

Kwa hiyo kijana wako akikupigia simu akilia, usimwambie ajikaze. Mwambie, "Niko hapa, sema." Akinyamaza, nyamaza naye bila kukata simu. Usimuulize ameua wangapi. Usikimbilie kumwambia Mungu atamsamehe, hata kama unaamini hivyo kwa moyo wote. Hilo lina wakati wake. Akikwambia jambo baya, usilitangaze kwa shangazi. Na akisema hataki tena kuishi, usimwache peke yake, ondoa silaha zote nyumbani, mfikishe hospitali siku hiyohiyo.