Hati ya kimila ya kikundi: inalinda nini, na inakwama wapi

Hati ya kimila ya kikundi ni hatimiliki ambayo Halmashauri ya Kijiji huitoa kwa jamii nzima, si kwa mtu mmoja mmoja. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999, inayoipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya kiwanja cha mjini. Inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka.

Kwa nini ya kikundi? Linganisha Moshi na Simanjiro. Kihamba cha Mchagga, yaani shamba la ukoo, kimezungushiwa mimea ya masale. Ndani mna migomba, kahawa na makaburi ya wazee, na ukoo unajua nani atakirithi. Hati ya familia inakifaa. Malisho ya Wamaasai hayako hivyo. Mifugo hufuata mvua, na mvua hainyeshi pale pale kila mwaka. Ukiyakata malisho vipande na kumgawia kila mwenye boma chake, hakuna kipande kitakachovusha ng'ombe kiangazi. Mwenye nacho atakikodisha au kukiuza kwa mkulima, na njia ya mifugo itazibwa na mashamba.

Mfano unaotajwa sana ni wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu. Mwaka 2011 walipata hati ya pamoja ya takriban hekta 20,000, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team la hapa Arusha. Watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali huonekana kwa wageni kama hawana ardhi, kwa sababu hawalimi. Hati iliwapa cha kuonyesha pale mtu anapokuja na jembe au kundi la ng'ombe.

Safari ya kuipata huanza na Cheti cha Ardhi ya Kijiji, na hapo ndipo wengi hukwama, kwani cheti hakitoki mpaka majirani wakubaliane mipaka. Mpaka unaotajwa kwa mti peke yake huleta ugomvi siku mti ukianguka. Wazee wa pande zote mbili watembee pamoja na mpima, wataje majina ya mahali, na vipimo vya GPS viandikwe papo hapo. Kisha huja mpango wa matumizi bora ya ardhi, unaotenga makazi, mashamba na malisho, na lazima upite Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ndipo kikundi huomba hati. Halmashauri ya Kijiji ina siku 90 za kutoa uamuzi; mwenyekiti na mtendaji husaini, Afisa Ardhi wa wilaya hugonga muhuri, na hati husajiliwa masjala.

Muhtasari wa ule mkutano una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukikosa tarehe, ajenda au orodha ya mahudhurio yenye saini, mpinzani atauangusha barazani. Na orodha ya wanakikundi ikiwa ya wanaume watupu, mjane ataanza kubishaniwa haki yake mwezi ule ule anaofiwa. Majina ya wanawake yaandikwe tangu mwanzo.

Utawala wenyewe umo katika sheria ndogo. Chukua olopololi, malisho ya ndama karibu na boma: hufungwa wakati wa mvua ili kiangazi ndama na wanyama wagonjwa wapate majani. Wazee wanajua siku ya kufunga na ya kufungua. Kijana aliyeingiza ng'ombe usiku huadhibiwa kimila bila karatasi yoyote, lakini mgeni kutoka wilaya nyingine haguswi na adhabu hiyo. Kwa hiyo kanuni ile ile iandikwe: eneo, miezi, faini, nani anayefungua. Isipoidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya, faini haitasimama mahakamani.

Hati hii ina mpaka wake pia, na wanakijiji waambiwe wazi. Inakaa juu ya ardhi ya kijiji tu. Ardhi yote ya Tanzania Bara iko chini ya dhamana ya Rais, naye anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, kwa fidia. Loliondo, mwaka 2022, kilomita za mraba 1,500 zilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti, ilhali wafugaji walisema ni ardhi ya vijiji vyao. Eneo likishaondolewa namna hiyo kwenye kundi la ardhi ya kijiji, kinachobaki ni hoja ya kisheria kuhusu tangazo lenyewe, na hapo vyeti vya vijiji, ramani zenye vipimo na mihtasari ya zamani ndivyo wakili atakavyoviomba kwanza.