Shule Ikifungwa kwa Sababu ya Mlipuko, Likizo Iwe ya Siku Ngapi?

Novemba 2022 serikali ya Uganda iliamua shule za awali, za msingi na za sekondari zifungwe tarehe 25 ya mwezi huo, wiki mbili kabla ya siku iliyokuwa kwenye kalenda. Ebola, iliyotangazwa wilayani Mubende tarehe 20 Septemba, ilikuwa imeshaingia madarasani. Wanafunzi 23 walikuwa wamethibitishwa kuugua, na wanane kati yao walikuwa wamefariki. Waziri wa Elimu, Janet Museveni, alieleza kwamba kufunga mapema kutapunguza mgusano wa kila siku kati ya watoto wenyewe, walimu na wafanyakazi.

Mzazi yeyote ana haki ya kuuliza: kama ugonjwa uko shuleni, si ndiyo mnausambaza nchi nzima mkiwarudisha watoto makwao? Jibu linategemea siku. Kila ugonjwa wa kuambukiza una muda wake wa kukaa kimya mwilini kabla dalili hazijatokea. Kwa Ebola ni kati ya siku 2 na 21, na mtu aliyeambukizwa hamwambukizi mwenzake mpaka aanze kuugua. Kwa hiyo mtoto aliyemgusa mgonjwa hapandishwi basi. Hufuatiliwa kwa siku zote 21. Wenzake ndio huenda nyumbani. Likitokea la kutokea, dalili zitaonekana akiwa na watu watano au sita wa nyumba moja, si kwenye bweni la watoto themanini. Muhula mpya wa Uganda ulifunguliwa Februari 2023, na mlipuko ulikuwa umetangazwa kuisha tarehe 11 Januari. Likizo ile ilikuwa ndefu kuliko siku 21 ambazo ugonjwa huweza kukaa kimya mwilini, na hilo ndilo ninalotaka bodi za shule na wazazi walizingatie.

Kenya, kabla ya hapo, ilifuata njia nyingine. Shule zilifungwa Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa, na ukiacha watahiniwa na gredi ya nne waliorudi tarehe 12 Oktoba, watoto walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Kufidia muda huo, Wizara ya Elimu ilipunguza mwaka wa masomo kutoka wiki 39 hadi 30, ikapanga miaka ifuatane mbiombio mpaka kalenda irudi mahali pake Januari 2023. Naelewa kwa nini. Hakuna aliyetaka kizazi kizima kipoteze mwaka. Lakini kilichokatwa zaidi kilikuwa likizo, kana kwamba likizo ni muda usio na kazi.

Tazama tarehe zenyewe. Mwaka wa masomo wa 2020 uliisha Ijumaa tarehe 16 Julai 2021. Mwaka wa 2021 ukaanza Jumatatu tarehe 26 Julai. Mtoto aliyemaliza gredi ya tatu alikuwa na wiki moja tu kabla ya kuketi gredi ya nne, na mzazi wake alikuwa na wiki hiyo hiyo kutafuta karo, vitabu na pengine viatu vipya. Ndani ya miezi kumi na miwili ya 2021 mihula minne ilifunguliwa: Januari, Mei, Julai na Oktoba. Serikali ilishusha karo ya shule za bweni za kitaifa kutoka shilingi 53,554 hadi 45,054 kwa mwaka wa masomo, na hiyo ilisaidia, lakini mshahara ulibaki kuja mara moja kwa mwezi huku risiti za karo zikikaribiana.

Muhula wa Mei ulifunguliwa tarehe 10, kumi la mwisho la Ramadhani. Idd-ul-Fitri iliangukia wiki hiyo hiyo. Familia ya Lamu au Garissa yenye mtoto katika shule ya bweni ya bara ilibidi ichague: mtoto afungashe sanduku na kusali Idd mbali na kwao, au akae nyumbani na kukosa wiki ya kwanza ya masomo. Kwa afya ya umma hilo si jambo dogo. Sikukuu ambayo kalenda imeipuuza haiwazuii watu kusafiri. Watasafiri, ila watasafiri kwa kuchelewa, kila mmoja kwa siku yake, na shule itapokea watoto wiki nzima bila kujua nani ametoka wapi.

Halafu ikaja Krismasi ya 2021. Shule zilifungwa Alhamisi tarehe 23 Desemba na kufunguliwa Jumatatu tarehe 3 Januari. Hesabu siku zilizo katikati: ni kumi. Kafyu ilikuwa imeondolewa tarehe 20 Oktoba, na Omicron, aina mpya ya kirusi cha Korona, ilikuwa ikipanda kwa kasi mwezi huo huo wa Desemba. Nchi nzima ilikuwa barabarani kuelekea mashambani. Korona inaweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya dalili, ingawa kwa Omicron mara nyingi ilikuwa siku tatu hivi. Mtoto aliyeambukizwa katika mkesha wa mwaka mpya, nyumbani kwa bibi, angefika langoni tarehe 3 akiwa mzima kabisa. Kipima joto kilichoelekezwa kwenye paji la uso wake kisingeona chochote, kwa sababu kifaa kile humkamata mwenye homa saa ile tu. Kikohozi kingeanza siku moja au mbili baadaye, usiku, kwenye kitanda cha juu chenye mwenzake chini na wengine kila upande.

Kulikuwa na uchovu pia. Oktoba na Novemba 2021 mabweni kadhaa yalichomwa moto. Sitaki kusema ni kalenda peke yake iliyoyachoma. Visa hivyo vilikuwapo Kenya miaka mingi kabla ya Korona. Lakini Novemba hiyo Wizara yenyewe iliwapa wanafunzi wa sekondari mapumziko mafupi katikati ya muhula, na kwangu hilo linaonyesha kwamba walioko juu nao waliona watoto wamebanwa kupita kiasi.

Mwalimu mkuu hawezi kubadili kalenda ya taifa, na hatutaki abadili. Ndani ya tarehe alizopewa, hata hivyo, ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Kwanza akiulize kituo cha afya kilicho karibu: ugonjwa huu hukaa mwilini siku ngapi kabla ya kuonekana? Nambari hiyo aiandike kwenye kalenda ya shule, kando ya tarehe ya kufunga na ya kufungua. Likizo ikiwa ndefu kuliko siku hizo, kazi yake kubwa ni kuwaomba wazazi watoto watulie nyumbani siku za mwisho, wasitoke harusini usiku na kuja shule asubuhi. Likizo ikiwa fupi, basi siku zilizobaki zitatimia ndani ya shule, na shule ijiandae hivyo.

Kujiandaa huko hakuhitaji fedha nyingi. Madarasa yafike kwa siku tofauti, kidato cha nne Jumatatu, cha tatu Jumanne, ili mistari ya langoni na msongamano kwenye magari upungue. Kila bweni lile pamoja, lisome jioni pamoja na lisichangamane na jingine mpaka siku zile zipite. Michezo na shule jirani isubiri, na siku ya wazazi kutembelea isogezwe. Chumba kimoja kitengwe mapema, chenye dirisha linalofunguka na vitanda vyenye nafasi, na matroni au mwalimu wa zamu ajue nani apigiwe simu usiku wa manane. Chumba hicho kisiitwe wala kisiwekwe kama mahali pa adhabu. Mtoto anayeogopa kutengwa ataficha homa yake, na akishaificha hatuna tena cha kuhesabu.

Barua kwa wazazi itoke wiki mbili kabla ya kufunga, si siku ya kufunga. Itaje tarehe ya kila darasa kurudi, itaje sikukuu zinazoangukia kipindi hicho, iwe Idd, Krismasi au Pasaka, na iseme wazi kwamba mtoto mwenye homa au mwenye mgonjwa nyumbani abaki huko, nafasi yake haitapotea na hatatozwa faini ya kuchelewa.